Safu ya Maoni

Kazi yangu ni kuachia puto.
Kila jioni, saa mbili kasoro, kaskazini ya Tacuarembó,
nalijaza gesi mpaka livute mkono,
nafunga chini yake kisanduku cheupe cha kupimia upepo,
naandika namba kwa wino mzito,
halafu nafungua vidole.
Miaka kumi na tisa. Wakati wa kiangazi
jua likishatuzamia sisi bado linalipata huko juu,
na simu ya kituo huanza kulia:
Bibi, kuna kitu kinang'aa juu ya mikaratusi.
Ni puto, nawaambia. Ni mimi.
Wengine hukata simu kwa hasira,
kama mtu aliyeamshwa akiota analipwa deni.

Kwa hiyo Hilario Bentancur alipofika,
kofia kifuani, matope ya Julai hadi magotini,
jibu lilikuwa mdomoni mwangu kabla hajaketi.
Nilimmiminia mate. Akafyonza
mpaka kibuyu kikakoroma.

Walikuwa watatu, akasema,
kwenye seng'enge, upande wa kijito.
Hawakuniita jina. Hawakunipa ujumbe kwa wanadamu.
Walikuwa wanahesabu kondoo wangu.
Walihesabu, wakakosea, wakaanza upya.
Wamechoka, Nélida. Wamechoka kama wakata manyoya
mwisho wa msimu, wanaosubiri lori tu.

Na mwanga?

Ulikuwa nyuma yao. Hauna joto.
Mbwa wangu alilala ndani yake.

Nina maswali ninayowauliza wote:
saa ngapi, upande gani, ulikunywa nini.
Alijibu kama anayelipa kodi,
na lile la mwisho akalijibu akitazama sakafu:
Maji. Tangu tumzike Elvira, maji tu.

Lisemwalo lipo, husema wasemaji.
Nami huuliza: lipo wapi, na nani amelipima?
Si ubishi. Nimeshuhudia mtu mzima, mwalimu wa hesabu,
akiipigia magoti sayari ya Zuhura.

Ndipo akafungua kitambaa cha jikoni.
Waliacha hiki.
Kisanduku cheupe, kona moja imetafunwa,
na namba, 4471,
saba yake imekatwa kiunoni
kama baba alivyonifundisha kuikata.

Ushindi una ladha ya sarafu ulimini.
Nikamfungulia daftari: Machi, tarehe tisa, mwandiko wangu.
Kilidondoka shambani kwako, nikasema,
kikalala majanini miezi minne, ukawa unakipita.
Akatazama namba. Akatazama mkono wangu.
Kwa mara ya kwanza akatabasamu.
Basi, akasema, walikuja kukirudisha.

Alipoondoka nilipekua Julai.
Usiku wake, ukurasa wangu ni mweupe:
gesi ilikwisha, lori lilikwama kwenye mafuriko.
Hapakuwa na puto.
Na hata lingekuwepo, saa zile za majira ya baridi
jua haliko popote pa kuliangazia.
Taa za wawinda kakakuona, basi. Ukungu wa kijito.
Upweke, ambao nao huwasha taa zake.
Nina majibu saba, na kila moja linachechemea.
Kukosa jibu si ushahidi; hilo nalijua
kama ninavyoijua njia ya chooni gizani.
Lakini mtu akitaka kutunga wageni wa angani,
kwa nini atunge wasioweza kuhesabu kondoo?

Daftari lina safu ya mwisho, nyembamba: Maoni.
Miaka kumi na tisa nimeandika humo "hakuna".
Jioni ile niliandika
Kisanduku namba 4471 kimerudishwa na
na kalamu ikasimama.
Nikatazama saa ya ukutani.
Gesi ilikuwa imefika asubuhi, mitungi sita.
Nikavaa koti, nikaenda kujaza puto.